Wa Tatu Unasemaje

Ghala letu limechimbwa kilimani, Kakheti,
ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani.
Mitungi kumi na mmoja imezikwa humo hadi shingo,
vinywa tu vimebaki nje, vikitazama dari.
Ndani yake zabibu huchemka bila moto.

Baba alilijua joto lake kwa kutega sikio.
"Wa tatu unaguna," alisema,
na kweli, wa tatu uliguna.
Sasa baba hasikii vizuri, hata ngazi hashuki,
na mimi, Tsiala, niliyesomea umeme Tbilisi
nikarudi na cheti na deni,
nimeupa kila mtungi kidhibiti kimoja,
hakizidi kibiriti, bei yake chini ya kilo ya jibini,
kazi yake kupima joto na kusema.

Kusema kwa njia gani? Hapo ndipo tulipokosana.

"Hewani," akasema kaka yangu Mindia.
"Waya ni mambo ya babu. Weka antena, ulale."
Alivaa shati jeupe, shati la mtu asiyechimba mtaro.
Nikaweka. Nikalala.
Usiku wa kwanza mitungi minne ilisema.
Usiku wa pili, miwili.
Wa tatu ulisema nyuzi ishirini na moja, saa mbili usiku,
ukanyamaza,
na alfajiri tulipofunua kifuniko ilikuwa thelathini na nne,
povu limemwagika sakafuni,
jekundu, kama damu ya pua.

Ukuta wetu ni mawe na chokaa, unene mita nzima.
Udongo una maji, mvinyo una maji,
na maji huyanywa mawimbi yale mafupi wala hayashibi.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni;
za redio yangu ziliishia shingoni mwa mtungi.

"Basi tumia mawimbi marefu, yale hupenya."
Hupenya, sikatai.
Lakini kila neno linakula betri,
na betri kumi na moja, Mindia, nani atazibadilisha Januari
wewe ukiwa Leipzig?
Akatazama viatu vyake.

Nikanunua waya mita themanini, nyuzi mbili zilizosokotwa,
ili kelele za pampu zikiugusa uzi mmoja ziuguse na wa pili,
zifutane.
Ncha zote mbili nikafunga kikinza cha omu mia na ishirini;
usipofunga, neno hugonga mwisho, hurudi, hujikanyaga.
Kila mtungi nikaupa namba.
Hausemi mpaka uitwe.
Mafundo nilifunga nimepiga magoti, tochi mdomoni,
na kwa juma zima mate yangu yalikuwa na ladha ya betri.

Usidhani waya ni malaika.
Panya waliutafuna kati ya wa saba na wa nane,
na yote ya nyuma ikawa bubu kwa pamoja.
Kamba hukatikia pembamba, na panya anapajua.
Ilipokuja mvua ya mawe na radi zake
nilikimbia na soksi kwenda kuchomoa kila kitu,
nikiwaza: antena isingenitoa kitandani.

Ikabaki barabara.
Jirani Ushangi hakutaka mtaro mbele ya lango lake,
trekta yake hupita hapo, alisema,
na marehemu mbwa wake kazikwa hapo.
Basi neno likitoka ghalani kwa waya
hupanda mlingoti juu ya mlango,
huvuka hewani, mita mia mbili zisizo na ukuta,
hutua dirishani kwa baba.

Mindia akaniandikia: Vipi, hewani imefaa?
Nikamjibu: Barabarani tu.

Jana usiku namba ziliwaka kando ya kitanda,
kumi na moja, hakuna iliyokosekana.
Baba akageuka.
"Wa tatu unasemaje?"
"Kumi na tisa, baba."
"Sikuuliza namba," akasema.
"Nimeuliza unasemaje."

Nikavaa koti, nikachukua ufunguo.